Mzee Kariuki na Njia Zetu Zote za Kumfungua Mdomo

Brian ndiye aliniambia niandike. Alisema nikianza kuongea sinyamazi, kwa hivyo labda kalamu itanichosha haraka. Kijana ana digrii lakini hajui wazee. Kalamu inachosha mkono, haichoshi mdomo, na mimi naandika vile naongea. Nyinyi wageni mlioandikwa kazi juzi, tafuteni chai mkae.

Shule niliacha darasa la tano, mwaka mama alipojifungua mapacha na mtu wa kuwabeba akatafutwa, ikaonekana mimi ndiye niko bure. Kwa hivyo mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe, mna nguvu. Nilikuwa nauza mboga hapa Nakuru, na siku zingine nasaidia kanisani kukaa na waliofiwa. Mama Tabitha, nesi mstaafu aliyeanzisha hii ofisi yetu ya ushauri, alinikuta kwa matanga nimeketi karibu na mjane, sisemi kitu. Akaniuliza kama naweza kunyamaza hivyo kila siku, nilipwe. Nikadhani ananichokoza. Wanaonijua wanajua hiyo kazi ilikuwa ngumu kwangu kuliko kuvunja mawe.

Ofisi ilikuwa hapa hapa juu ya agroveti, duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilikuwa hii hii mnayolalamikia. Msilalamike. Siku hizo mtu akionekana anaenda kushauriwa, jirani anasema amerukwa na akili. Lakini akionekana anaingia agroveti, huyo ana mifugo, huyo ni mtu wa maana. Watu walipanda juu wakalia, wakishuka wananunua kitu cha kubeba. Kulikuwa na mama wa ploti za kupanga za mjini, hana hata paka, alinunua dawa ya minyoo ya mbuzi kila alipokuja mpaka akapona. Mwenye duka alikuwa anatuombea tusifunge.

Mama Tabitha alifundisha njia moja tu. Unasikiliza, halafu unamrudishia mtu yale amesema, ajisikie mwenyewe. Hakuna kuhubiri, hakuna kutoa mashauri, hakuna "hata mimi yalinipata." Siku yangu ya kwanza akaniachia mzee wa Gilgil aliyestaafu jeshini, yeye akaketi kwa kona kuniangalia.

"Nimechoka," mzee akasema.

"Nasikia ukisema umechoka."

"Ndio nimesema."

"Nasikia umesema."

Mzee akageukia kona. "Madam, huyu mama ni redio?"

Na mimi, kwa kutii mafunzo, nikamwambia, "Nasikia unaona kama mimi ni redio."

Mama Tabitha alishikwa na kikohozi kirefu sana. Mzee alipotoka, akanikalisha. "Wewe unarudisha maneno kama mtu anarudisha chupa za soda dukani. Tupu! Rudisha kile kilikuwa ndani."

Mzee alirudi wiki iliyofuata. Nafikiri alikuja kuona kama nimeharibika zaidi. Akasema tena amechoka, akaongeza kwamba nyumbani wakisikia viatu vyake kila mtu anasimama, hata bibi yake. Nikangoja. Mwishowe nikamwambia, "Ni kama wewe ulitoka kambini, lakini nyumba yako bado iko huko." Hakuniita redio. Alivua kofia, akaiweka juu ya meza. Tangu siku hiyo najua, mwanaume akivua kofia kazi imeanza. Mwanamke hatavua kitambaa. Kwake angalia mkoba. Ukitoka kwa magoti ukawekwa chini, kazi imeanza.

Na mkiwa hapo, ile saa ya ukutani msiisogeze. Mama Tabitha aliitundika nyuma ya kichwa cha mgeni ili wewe uione na yeye asikuone ukiiangalia. Tishu pia, wekeni mahali mtu anafika mwenyewe. Nilimsukumia fundi mmoja sanduku, akanitolea macho. "Mathe, nani amekuambia nitalia?" Alilia, lakini alitumia sweta.

Baadaye akaja Mwalimu Ezekiel, aliyekuwa amefundisha hesabu mpaka hesabu zikamchoka. Yeye alileta njia ya mawazo. Alichora pembetatu ubaoni: mawazo kona hii, hisia kona ile, matendo kona ile ingine. Vuta kona moja, zingine zinafuata kama mbuzi. Na wazo likikusumbua, alisema, lipeleke kortini, litoe ushahidi.

Basi akaja Rebeka, muuza nyanya wa sokoni. Bwana yake alikuwa ameenda na hakurudi, na Rebeka alikuwa na hakika kwamba wanawake wa soko wanamcheka kwa hiyo aibu. Alikuwa amefika mahali pa kutaka kuacha biashara.

"Umewasikia wakikucheka?" Ezekiel akamuuliza.

"Mwalimu, wanacheka kwa macho."

"Hiyo ni dhana. Wiki ijayo niletee ushahidi."

Akamletea. Tulisikia ngazi zinalia, tukafungua mlango, wanawake wa soko zima wamejaa na aproni zao, mmoja amebeba kabichi. Rebeka akasimama mbele yao. "Mwalimu, hawa hapa. Waulize."

Ezekiel akaanza kutafuta chaki. Alikuwa ameishika.

"Ni kweli tunamcheka," yule wa kabichi akasema. "Anapanga nyanya nzuri juu na zile za kupondeka chini, anafikiri hatuoni."

"Kwani nyinyi mnapanga aje?" Rebeka akauliza kwa ukali.

"Hivyo hivyo! Ndio tunacheka!"

"Na bwana yangu?"

Wakaangaliana. "Bwana yako amefanya nini? Si ulisema ako safari?"

Hakuna mmoja alikuwa anajua. Rebeka akaketi chini kwa sakafu akalia vizuri, na wale mashahidi wakaketi naye, na Ezekiel akaenda kununua maziwa ya chai. Leo ukimuuliza atakuambia alikuwa amepanga hivyo.

Halafu kulikuwa na Agnes, amesomea Nairobi, ambaye njia yake ilikuwa kurudi utotoni. Alituachia mambo mazuri Agnes, sisemi vibaya. Lakini alimuuliza mtu wa Olenguruone habari ya mama yake, na yule mtu akapandisha sauti. "Mimi nimeacha nyumbani na baridi yote ile, nimekuja juu ya ugomvi na ndugu yangu, na wewe unataka kujua mama alinibeba aje? Mgongoni! Kuna mahali pengine?" Alipokuja mara ya tatu akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ndugu yake alibebwa mpaka miguu ikaanza kuburura chini, na yeye akishushwa mapema. Agnes akaniangalia. Mimi nikaangalia saa.

Na sasa Brian. Alifika akiwa na begi ya kompyuta na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Nakuru, na vumbi yetu! Njia anazo nyingi, akichoka na hii anatoa ile. Alijaribu moja ya kuuliza, "Ukilala leo na muujiza utokee, kesho utajuaje?" Aliyeulizwa alikuwa mama wa kanisa. Akamjibu, "Kijana, hiyo ya muujiza mwachie Yesu. Wewe toa dawa." Brian hakukasirika. Hicho ndicho nilimpendea. Ukimcheka anacheka pia, halafu anajaribu tena.

Nimewazungusha hivyo ndio mjue tulikuwa nani wakati Nyambura alituletea baba yake. Majina nimebadilisha. Mzee mwenyewe aliniruhusu niandike, akasema tu nisibadilishe ya ng'ombe.

Nyambura alikuwa mwalimu wa nasari huko Dundori, kitinda mimba, ndiye amebaki nyumbani na baba. Mama yake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Tangu siku ya mazishi, Mzee Kariuki hakuwa ameongea ndani ya nyumba. Bubu hakuwa. Wanunuzi wa viazi wakija aliwapigia bei kama kawaida. Lakini akiingia kwa nyumba ananyamaza, anakula chenye amepewa, analala. Nyambura akimuuliza kitu, anaangalia mlango.

Na sasa kulikuwa na kijana wa Gilgil anataka kumuoa Nyambura, na wazee wake wametuma salamu kwamba watakuja na mambo ya mahari. Kwetu baba ndiye anasimama mbele ya hao watu. Yeye ndiye anamgeukia binti na kumuuliza, "Tupokee vitu vya hawa watu, ama tuvirudishe?" Binti anajibu, shughuli inaendelea. Baba asipofungua mdomo, wageni watakunywa chai warudi Gilgil, na hawatakuja tena, watasema wamekataliwa.

"Si baba mdogo anaweza kusimama?" nikamuuliza.

"Baba mdogo asimame kwani baba yangu amekufa?" Nyambura akasema. "Ako pale kwa zizi, mzima. Mama, mimi nataka aniulize yeye. Na kama hanitaki niolewe, aniambie yeye."

Nikaanza mimi. Mzee alipanda ngazi na gunia ndogo ya chumvi ya ng'ombe aliyonunua chini, akaketi nayo kwa magoti kama mtoto. Kofia kichwani. Nilimsalimia, akaitikia kwa kichwa. Akanyamaza. Nikakumbuka Mama Tabitha, nikamrudishia kimya chake. Tulikaa hivyo mpaka wakati ukaisha, watu wazima wawili na chumvi. Alipofika mlangoni akasema, "Asante mama. Nimepumzika vizuri." Akaenda nyumbani akanyamaza.

Ezekiel akachukua zamu. Akachora pembetatu yake yote na mishale. Mzee aliikazia macho sana, Ezekiel akapata moyo, akamuuliza anaona nini.

"Hiyo ni paa?" mzee akauliza. Hakusema kingine.

Tukaita familia, wakae mduara, kila mtu aseme la moyoni. Akaja Nyambura, akaja baba mdogo. Baba mdogo alikuwa na moyo mkubwa sana, alisema ya kwake, ya mzee, ya marehemu, akasema hata ya kijana wa Gilgil ambaye hakuwepo. Mzee aliangalia dirisha. Nyambura alitoka macho yakiwa mekundu, na wageni walikuwa wamebakisha wiki chache kufika.

Ndio Brian akasema tutumie kiti. Mnaijua nyote sasa: unaweka kiti kitupu, mtu anaambiwa afikirie mwenzake ameketi pale, amwambie yale yamemkwama. Mimi nilimwambia mzee atashuka hizo ngazi mbio. "Shosho, tujaribu tu," akasema, ndivyo huniita, kama nyanya yake. Akatoa kile kiti kizuri chenye mto, akakiweka mbele ya mzee.

"Mzee, tuseme mama Nyambura ameketi hapa."

Mzee akaangalia kiti. "Hapa?"

"Ndio, mzee. Ukimuona hapo, ungemwambia nini?"

Mzee akainama, akabonyeza ule mto kwa kidole. "Hapana. Hiyo kiti si yake. Huyo mwanamke hakukaa kwa kiti. Kiti ni ya wageni."

Maneno mengi hivyo hatukuwa tumewahi kuyasikia. Nikamfinya Brian kwa mguu asiharibu.

"Alikuwa anakaa wapi?" Brian akauliza polepole.

"Kwa debe."

"Debe gani?"

"Ya kukama." Na akatazama Brian kwa huruma, vile unatazama mtu hana ng'ombe.

Brian akanivuta nje akasema twende Dundori. Nikakataa. Ofisi ni ofisi, nikamwambia, leo tukienda kwa zizi, kesho tutashauri watu kwa kinyozi. Debe ndilo lije. Mimi ndiye nilimpigia Nyambura simu, na wiki iliyofuata likaja kwa bodaboda limefungwa kamba, debe la mafuta ya kupikia lililozeeka, limebonyea juu kwa kukaliwa. Tukaondoa kiti, tukalipindua pale pale. Mlango ukafunguka, mzee akaliona. Halafu akaangalia nyuma ya mlango, akaangalia kando ya kabati.

"Ng'ombe iko wapi?" akauliza.

Brian hakuniangalia hata kidogo. Ningempiga kama angeniangalia.

Basi tukabeba debe tukaenda Dundori, tukafika saa za kukama jioni, jua bado liko. Kulikuwa kumenyesha. Viatu vyeupe vya Brian vilikufa kwa lango. Nyambura alimtafutia gambuti, na zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto, kwa hivyo mshauri wetu mwenye digrii aliingia zizini akitembea kama bata anayekata kona.

Ng'ombe zilikuwa mbili, Malkia na Sabina. Mzee alikuwa na kigoda chake kando ya Malkia. Brian akachukua debe, akaliweka mbele ya mzee, uso kwa uso, vile walifundishwa. Mzee akaondoka kwa kigoda, akalibeba, akaenda kuliweka nyuma yake kando ya Sabina. Akarudi akaketi. Hapo ndipo nilielewa vile walikuwa wakikaa, yeye anakama huyu, bibi anakama yule, wamepeana migongo.

"Mlikuwa mnaongea mkiwa hivyo?" Brian akauliza.

"Sasa tungeongea saa ngapi?" mzee akasema. "Nyumbani kuna watoto."

Akaanza kukama. Mimi na Brian tulikuwa tumesimama kando ya nyasi, Nyambura kwa mlango wa zizi, ameshika ndoo ya pili. Ilisikika maziwa tu ikigonga chini ya ndoo, halafu ikaanza kusikika nzito, imejaa kidogo. Brian hakusema kitu. Nilimheshimu. Hata mimi sikusema, na mnajua hiyo ni nini kwangu.

"Sabina siku hizi anapiga teke," mzee akasema. Hakugeuka. Hakuwa anatuambia sisi. "Nikikama hapa, yeye anangoja, nikienda kwake amekasirika. Viazi za huko chini zimeshikwa na baridi, nikang'oa mapema. Wamenunua vibaya." Akabadilisha mkono. "Na huyu msichana wako analetewa watu."

Nyambura akaweka mkono kwa mdomo.

"Watu wakija hapa wanasema Kariuki anajua kuongea. Si ni wewe ulikuwa unaniambia? Ya shule uliniambia hapa. Ya kugawa shamba uliniambia hapa. Mimi nashika tu, naenda kuyasema mbele ya watu, wananisifu. Sasa umeenda, na hukuniachia ya huyu. Watasimama pale nje wananingoja. Mimi nitawaambia nini?"

Mtaniuliza leo ile ilikuwa njia gani. Brian aliandika ni ya kiti. Ezekiel anasema lile wazo lilikuwa limefichwa kwa kona ya juu ya pembetatu. Mkate shauri wenyewe, mnasoma siku hizi. Mimi nilichoona ni kwamba tulikuwa tumekaa wiki zote hizo tukidhani mzee amekataa kusema, na mzee alikuwa hana cha kusema, aliyekuwa akimpa alikuwa amezikwa.

Brian alikuwa ameanza kwenda mbele. Kulingana na hiyo njia, mzee angehamia kwa debe ajijibu kama yeye ndiye bibi yake. Nilimshika shati. Nyambura alikuwa ameshatoka mlangoni.

Alipita nyuma ya baba yake, akaketi kwa debe la mama yake ambalo hakuna mtu alikuwa amelikalia mwaka mzima. Akaweka ndoo chini ya Sabina. Mama yake alimpeleka shule badala ya zizi, kwa hivyo kukama alikuwa anakama vibaya sana. Maziwa ilienda kwa gambuti. Sabina akainua mguu.

"Usimvute," mzee akasema, bado amempa mgongo. "Finya kutoka juu. Anza na ile chuchu ya nyuma."

Nyambura akaanza na ile ya nyuma. Ikatoka.

Wakakama. Muda ukapita, na mzee akavua kofia, akaitundika kwa msumari wa ukuta.

"Hao watu wako wa Gilgil," akasema, "wanakunywa maziwa, ama wamezoea ya pakiti?"

"Wanakunywa, baba."

"Na huyo kijana, unamtaka?"

"Namtaka."

Ndoo ya Malkia ilikuwa imejaa. Mzee hakuinuka. Alibaki ameketi na mikono juu ya magoti, anaangalia ng'ombe.

"Haya, niambie," akasema. "Wakifika, nianze aje?"

Nyambura hakugeuka. Mikono ilikuwa imeanza kuzoea.

"Kwanza utawakaribisha, baba."

"Nitawakaribisha," mzee akasema. "Halafu?"